Simu Imeujua Wimbo, Mwenyewe Je?

Juma lililopita nilipanda daladala kutoka Kariakoo. Redio inaimba, konda anaita abiria, honi zinalia. Kijana aliyeketi kando yangu akainua simu yake, na mara jina la wimbo likatokea. Ukafuata wimbo wa dansi la zamani. Akainua tena. Safari hii simu ikashindwa. Mimi wimbo ule naujua.

Kwanza tujiulize: simu iliutambuaje ule wa kwanza katika kelele zile?

Fikiria mji uliofunikwa na ukungu. Nyumba fupi hazionekani, lakini minara bado yaonekana, nawe kwa mpangilio wa minara hiyo wautambua mji. Wimbo nao una minara yake: sauti zinazozidi nyingine kwa nguvu, nene au nyembamba, kila moja kwa wakati wake. Kompyuta huichukua minara hiyo miwili miwili, ikapima muda uliopo kati yake, kisha ikageuza vipimo kuwa namba. Namba hizo ndizo wataalamu wanazoziita alama za vidole za sauti. Kelele za konda ni ukungu tu. Hazifuniki minara yote. Sekunde chache zatosha kulinganisha na nyimbo zilizomo ghalani.

Huko Uingereza, mwaka 2002, kampuni ya Shazam iliwawezesha watu kupiga namba 2580, kuielekeza simu kwenye muziki, kisha kupokea jina la wimbo kwa ujumbe wa maandishi. Mmoja wa waanzilishi wake, Avery Wang, aliieleza njia hiyo katika andiko la mwaka 2003.

Leo mitambo ya namna hii husikiliza vituo vya redio usiku na mchana, ikaandika wimbo gani umepigwa na saa ngapi. Orodha hiyo husaidia kugawa mirabaha. Hapo ndipo penye neno.

Nilipoanza kazi ya utangazaji, orodha tuliijaza kwa mkono. Nakiri, kuna siku za haraka niliandika "dansi, dakika kumi" nikaondoka. Nani angelipwa kwa karatasi kama ile? Mtambo hauna haraka wala uchovu. Lakini hutambua rekodi iliyoingizwa ghalani tu. Isiyoingizwa ni mgeni kwake, hata kama mji mzima waiimba. Na ikiingizwa bila majina sahihi, kosa langu la zamani litarudiwa na kompyuta, kila siku.

Kwa hiyo, wenye vituo, teremsheni tepu kutoka rafuni, msome maboksi, muwaulize wazee waliopiga magitaa yale wangali hai. Wanamuziki, sajilini kazi zenu kwa majina kamili.

Mpiga gitaa wa wimbo ule wa daladala yu hai. Anasubiri tumwandike.

Hadi juma lijalo, kwaherini.