Data ya wateja iko kwa simu ya nani?

Tuseme umepata mboka kwa sacco ya watu wa boda. Ofisi kubwa iko Kitale, tawi liko Bungoma. Siku ya kwanza unaulizwa Wekesa ana deni la ngapi. Kitale wameandika "J. Wekesa". Bungoma wako na "Wekesa Juma", namba ya simu tofauti, deni tofauti. Daftari lenye jibu? Liko na msee aliyeacha kazi Disemba.

Hapo ndio unajua kusimamia data si stori ya makampuni makubwa ya Nairobi pekee.

Kitu ya kwanza, kila orodha iwe na mwenyewe. Si "ofisi", ni mtu mwenye jina: ndiye anaamua jina linaandikwa aje, na deni likikosewa ndiye anaulizwa. Wekesa akibadilisha namba Bungoma, Kitale waione pia, kwa sababu orodha ni moja.

Halafu, nani anaona nini? Keshia anahitaji salio la Wekesa. Picha ya kipande chake ni ya nini? Na hapa ndio kuna noma, buda. Ofisi nyingi zinarusha picha za vitambulisho kwa grupu ya WhatsApp, eti ni haraka. Msee akifutwa, anaondoka na wateja wote kwa simu yake.

Pia mkubaliane vitu vinakaa hadi lini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitaki uweke taarifa za mtu kuliko zinavyohitajika. Zikivuja na kuna hatari ya watu kuumia, mna saa 72 kumwambia Kamishna wa Data.

Usidhani ni vitisho. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna ilipiga Roma School ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Klabu ya Casa Vera nayo ikalimwa Sh1,850,000 juu ya picha ya mteja mmoja. Hakukuwa na mdukuzi hapo. Ni picha tu, na hakuna aliyeuliza.

Na kama wewe ndio Wekesa, una haki ya kuuliza sacco wana nini kukuhusu, na warekebishe penye uongo. Wakikuzungusha, peleka malalamishi kwa Kamishna. Ana siku 90 kuyamaliza.