Kiungo wa Muthurwa: Safari ya Mchezaji wa Kuhamahama

Yuko fundi ambaye amehitimu kazi yake barabara ila hana karakana yake mwenyewe, na kwa hiyo huchukuliwa na mwenye kazi kwa muda, hulipwa ujira wake, kisha huhamia kwingine kazi inapokwisha. Katika vibanda vya jua kali vya Kamukunji, jijini Nairobi, ambako mabati hukunjwa yakawa masanduku, majiko na toroli, fundi wa namna hiyo si mgeni, na hakuna anayemhesabu kuwa ameshindwa na maisha kwa sababu tu hajaandika jina lake juu ya mlango. Ulaya ya kale ilikuwa na mafundi wa aina hiyo pia, na jina lao likaja kutumiwa na waandishi wa michezo wa Marekani kwa mchezaji anayehama kutoka klabu hadi klabu, mwenye ustadi wa kutosha kutafutwa na wengi, lakini asiye na nyota ya kumfanya asiweze kuachwa.

Mfano unaotajwa sana huko Marekani ni ule wa wakingaji katika mpira wa Kimarekani. Timu inayoshambulia hupanga mstari wa watu watano wenye miili mikubwa, wengi wao wakizidi kilo 130, na wajibu wao ni kumkinga kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi anayerusha mpira, asiangushwe kabla hajapata mtu wa kumtupia. Yule wa katikati ndiye anayeurudisha mpira nyuma ili mchezo uanze, ila wenzake wanne wanaweza kumaliza mechi nzima bila kuugusa. Ligi kuu ya huko, NFL, ina timu 32, na kila timu huingia katika msimu ikiwa na wachezaji 53 baada ya kuanza maandalizi na watu wapatao 90, kwa hiyo kila mwisho wa Agosti wako mamia wanaofungasha mizigo, na wakingaji wa kuhamahama huwa miongoni mwao. Mchezo wenyewe haujaota mizizi Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi; hata Mkenya Daniel Adongo, aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, aliufikia kwa njia ya raga, na hakuwa mkingaji bali alikuwa upande wa ulinzi. Anayetaka kuyaelewa maisha hayo kwa kutazama Nairobi hana budi kugeukia kandanda, na katika kandanda hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa McDonald Mariga Wanyama.

Mariga, aliyezaliwa Aprili 1987, alilelewa Muthurwa, mtaa wa nyumba za shirika la reli ulio kando ya barabara ya Landhies, si mbali na kituo cha mabasi cha Machakos na soko la Gikomba. Mitaa ya aina hiyo ilijengwa ili wafanyakazi walale karibu na kazi, na nyumba ilifuata ajira, kwa kuwa haikuwa mali ya aliyeishi ndani yake. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, na ndugu zake kadhaa walifuata michezo, akiwemo Victor Wanyama, ambaye baadaye sifa zake zilimpita kaka yake. Mariga alipitia shule ya upili ya Kamukunji, ambayo wakati huo ilivuma kwa kandanda, kisha Ulinzi Stars, Tusker na Pipeline, kabla ya kuvuka hadi Sweden mwaka 2005, kwanza katika klabu ndogo ya Enköping na baadaye Helsingborg.

Nafasi aliyocheza ndiyo inayomfananisha na wale wakingaji wa Marekani. Kiungo mkabaji husimama mbele ya mabeki, huvunja mashambulizi ya wapinzani, huwanyang'anya mpira na kuukabidhi kwa mwenzake mwenye kipaji cha kuufikisha mbele, na beki wa pembeni anapopanda yeye ndiye anayebaki kuziba pengo. Hesabu ya mabao haimfikii, na mtazamaji wa kawaida humtambua pale tu anapokosea, jambo ambalo pengine ndilo dhuluma kubwa ya kazi hiyo. Makocha, hata hivyo, huijua thamani yake, na Parma ya Italia ilimchukua mwaka 2007, ikashuka daraja mwaka uliofuata, ikarejea Serie A mwaka 2009 akiwa bado katikati ya uwanja wake.

Ni Januari 2010 ambapo mchezaji wa kuhamahama alionekana waziwazi kuwa mtu anayetawaliwa na karatasi kuliko miguu. Manchester City ya Uingereza ilitaka kumnunua, lakini mchezaji asiye raia wa nchi za Umoja wa Ulaya alihitaji kibali cha kazi, na kanuni za wakati huo zilidai kwamba awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa katika miaka miwili iliyotangulia, na kwamba taifa hilo liwe miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA. Harambee Stars, yaani timu ya taifa ya Kenya, haikutimiza sharti hilo. Kijana aliyekuwa akiwakaba washambuliaji wa Italia kila wiki alikataliwa kwa sababu ya matokeo ya timu ambayo yeye alikuwa mmoja tu kati ya wachezaji wake kumi na mmoja, na hata juhudi za Waziri Mkuu Raila Odinga za kumwombea hazikufua dafu. Dirisha la usajili, yaani kipindi ambacho klabu huruhusiwa kununua wachezaji, lilipokaribia kufungwa, Inter Milan ikajitokeza na kumchukua.

Inter hiyo ilikuwa chini ya kocha José Mourinho, na msimu huo ilinyakua ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Mariga alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mabingwa, na tarehe 22 Mei 2010, katika uwanja wa Santiago Bernabéu mjini Madrid, alikuwa kwenye benchi Inter ilipoishinda Bayern Munich kwa mabao mawili ya Diego Milito. Wapo waliodharau medali ya mtu ambaye hakuingia uwanjani siku hiyo, lakini dharau hiyo haitazami orodha ya waliokuwa mbele yake katika nafasi za kati, wakiwemo Esteban Cambiasso, Javier Zanetti na Dejan Stanković. Mchezaji wa akiba hufanya mazoezi yaleyale, na mazoezini ndiye anayewakabili nyota hao kila siku. Mwaka huohuo, kule alikotoka, wakazi wa Muthurwa walikuwa wameingia Mahakama Kuu kupinga kufukuzwa katika nyumba za reli zilizokuwa zimeanza kubomolewa.

Baada ya kilele cha Madrid ramani ya Mariga ilitawanyika. Majeraha yalimrudisha nyuma, naye akapelekwa kwa mkopo Real Sociedad ya Uhispania mwaka 2011. Mkopo katika kandanda maana yake ni kwamba klabu inayommiliki mchezaji humwazima kwa klabu nyingine kwa muda, mara nyingi mshahara ukigawanywa kati yao, na jambo hilo humfaa asiyepata nafasi, ingawa humweka katika hali ya mpangaji asiyejua kodi italipwa na nani mwezi ujao. Kisha alirudi Parma, akarudi Inter, na akarudi Parma tena, safari hii wakati mbaya kabisa. Katika msimu wa 2014 na 2015 klabu hiyo ilibadilisha wamiliki kwa bei ya euro moja, wachezaji wakakaa miezi bila mishahara, na Machi 2015 mahakama ikatangaza kwamba imefilisika. Alihamia Latina, iliyokuwa daraja la pili, nayo ikafilisika mwaka 2017. Akapita Real Oviedo huko Uhispania, kisha akamalizia Cuneo, klabu ya daraja la tatu kaskazini mwa Italia iliyokatwa alama kwa makosa ya kifedha na kutoweka katika ngazi hiyo baada ya msimu wa 2019. Klabu tatu za Italia zilizovunjika kiuchumi katika maisha ya mtu mmoja ni nyingi, ila ndivyo soko lilivyo: mwenye jina hupata klabu tulivu, na fundi wa kuhamahama hupewa nafasi palepale ambapo nyufa zimeshaonekana.

Mtaa uliomlea mchezaji wa namna hiyo hunufaika vipi? FIFA iliweka utaratibu wa fidia ya mshikamano, ambao kwao asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawanywa kati ya klabu zote zilizomfunza mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa maandishi, utaratibu huo ungeweza kuifikishia timu ndogo ya Makadara au Jericho pesa za kununulia mipira na jezi kwa miaka kadhaa. Lakini fidia hufuata kumbukumbu za usajili, na timu ya mtaani ambayo kocha wake huandika majina ya watoto katika daftari la shule, au haandiki kabisa, haina cha kuonyesha siku mtoto huyo anapouzwa Ulaya. Jasho la mwalimu wake lipo, ila halina mhuri.

Karatasi hazikumwacha Mariga hata alipotundika viatu. Mwaka 2019 aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee, na ombi lake likakataliwa mwanzoni kwa kuwa jina lake halikuonekana katika sajili ya wapiga kura, hadi kamati ya utatuzi wa mizozo ya tume ya uchaguzi ilipomruhusu. Novemba 7 alipata kura 11,230 dhidi ya 24,636 za Imran Okoth wa ODM, na haikuwa ajabu, maana eneo hilo lilikuwa ngome ya chama hicho, na yeye alikuwa mgeni aliyetoka upande wa pili wa jiji.

Desemba 2024 alichaguliwa kuwa makamu wa rais wa Shirikisho la Kandanda la Kenya, akiwa pamoja na rais Hussein Mohammed. Chini ya kanuni za FIFA, mchezaji anapotaka kuhamia klabu ya nchi nyingine, shirikisho la nchi anakotoka huombwa cheti cha uhamisho wa kimataifa ili aweze kusajiliwa huko. Kwa kijana anayeondoka Eastlands leo, cheti hicho hutolewa na shirikisho lilelile lililomchagua Mariga kuwa makamu wa rais wake.