Kigong'ota yule ni yupi?



Juma lililopita kulikuwa mabishano makubwa nyuma ya bweni. Kwenye ule mti wa avoka uliokauka kulionekana kigong'ota. Wamoja walisema: "Ana nyekundu kichwani." Wengine: "Hapana, hana, ile ni aina ingine." Sisi wakapita tuliitwa kuamua, na sisi pia tulikosa jibu. Basi tuliangalia asubuhi tatu, tena tukamwuliza mwalimu wa biologia. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, ujue kama ni kigong'ota kweli. Anashika mti wima, na mkia wake mgumu anauegemeza kwenye gome kama mguu wa tatu. Usidanganyike na sauti tu. Kuna kandege kadogo kanaita "tonk, tonk" siku nzima kama fundi wa chuma, lakini hako si kigong'ota.

Pili, angalia kifua, kisha mgongo pale juu ya mkia. Kichwa kiwe cha mwisho.

1. Ndege mdogo, kama sentimeta 15, kifua chenye michirizi: Dendropicos fuscescens. Yuko hata mashambani na karibu na nyumba, hapa Butembo.

2. Kifua bila michirizi wala madoa, kichwa cha kijivu, na nyekundu juu ya mkia: Dendropicos griseocephalus. Huyu ni wa misitu ya baridi, kama ile ya Ruwenzori.

3. Ndege mkubwa, mweusi-mweusi, kifua chenye madoa meupe, na dume ana manjano kisogoni: huyu ni wa msitu mkubwa wa joto, toka Beni kuelekea Ituri. Hatukumwona. Tangu mwaka 2014, sababu ya mauaji, kuingia misitu ile ni hatari. Tunaandika alama zake kwa ajili ya siku ya amani.

Sasa jibu letu. Ndege wa mti wa avoka ana michirizi kifuani, kwa hiyo ni yule wa kwanza. Na wote waliobishana waliona vizuri! Mwenye nyekundu kisogoni ni dume, mwenye kisogo cheusi ni jike. Si aina mbili, ni bwana na bibi yake. Wamechimba tundu mle, sababu mti mkavu ndio rahisi kuchimba, na wote wawili wanalalia mayai kwa zamu. Chakula chao ni wadudu wanaotoboa miti yetu.

Lakini mti ule umekwisha kutiwa alama ya panga, ukatwe kuni za jikoni. Tunamwomba Bwana Prefe auache mpaka makinda waruke. Na ninyi wadogo wetu, wekeni manati chini. Sisi wa darasa la sita tunaondoka mwaka huu. Ninyi mtabaki na ndege wale.