Kanuni za Uwanjani Zianze na Lango

Usiku wa Januari 24, 2022, timu ya taifa ya Komoro ilishuka katika uwanja wa Olembe, mjini Yaoundé, kupambana na wenyeji Kameruni katika Kombe la Mataifa ya Afrika, ilhali golini amesimama beki wa kushoto. Ndugu zetu hao wa visiwani walikwenda na walinda mlango watatu. Mmoja aliumia, na wawili walikutwa na virusi vya Korona. Hata pale mmoja wao alipopimwa tena na kuonekana yu mzima, aliambiwa kwamba kanuni inamtaka ajitenge siku tano kamili, na siku hizo hazijatimia. Basi beki Chaker Alhadhur akavaa jezi ya mlinda mlango. Komoro wakafungwa mabao 2 kwa 1, nao tangu dakika za mwanzo wakicheza pungufu kwa mtu mmoja. Kwa hakika ni mechi ambayo aliyeshindwa aliondoka na heshima kuliko aliyeshinda.

Lakini hatukuchukua kalamu leo kuisifu Komoro. Tunataka kuitazama kanuni ile na nyingine za namna yake, kwa sababu mwaka ule hazikumhusu mchezaji peke yake. Mshabiki aliyetaka kuingia uwanjani alitakiwa aonyeshe cheti cha chanjo na karatasi ya kipimo. Viti vilivyoruhusiwa kujazwa vilikuwa asilimia 60, na asilimia 80 wenyeji walipokuwa wakicheza. Mtu angeyasoma maagizo hayo mezani angedhani hapajapata kutokea mtazamaji aliyelindwa kama yule. Na usiku ule ule, kwenye lango la kusini la uwanja wa Olembe, watu wanane walikufa kwa kubanwa na kukanyagana, na wengine makumi wakajeruhiwa. Siku ya pili yake, Rais wa Shirikisho la Soka la Afrika, Ndugu Patrice Motsepe, alisema kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa.

Lango moja. Karatasi zilikaguliwa, vipimo vilikaguliwa, asilimia zilihesabiwa, na ufunguo ukasahauliwa.

Tunaamini kwamba hapa ndipo penye kiini cha jambo. Watendaji wengi, wanapotakiwa kulinda usalama wa washabiki, huanza kwa kumtazama mshabiki mwenyewe kama ndiye hatari. Atanyang'anywa chupa ya maji, ataulizwa habari ya mwavuli, ngoma yake itazuiwa. Katika vilabu kadhaa vya Uingereza mwenye bendera kubwa hutakiwa kuleta cheti cha kuthibitisha kwamba kitambaa hakishiki moto upesi. Kanuni za aina hii ni nyepesi kuzitunga na nyepesi kuzisimamia, kwa kuwa anayebanwa ni mtu mmoja mmoja aliyesimama mbele ya askari, na hana wa kumtetea. Kumkagua mwenye uwanja, mwenye mlango na mwenye amri ni kazi nzito zaidi, na mara nyingi anayetakiwa kukagua ndiye huyo huyo mwenye ufunguo.

Waingereza walijifunza somo hili kwa msiba mkubwa, na hata hivyo walilifahamu nusu. Aprili 15, 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, mashabiki wa Liverpool walisukumwa ndani ya vizimba vilivyozungushiwa uzio wa chuma, vikajaa pasipo na njia ya kutokea. Waliopoteza maisha kwa ajali ile wamefikia 97. Jaji Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza, aliandika mnamo Agosti mwaka huo kwamba sababu kuu ilikuwa kushindwa kwa polisi kuuongoza umati. Uzio ukaondolewa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini katika taarifa yake ya mwisho ya Januari 1990 alipendekeza pia kwamba kila mtazamaji akae kitini, na ikawa sheria katika viwanja vya madaraja mawili ya juu. Kusimama, ambako kulikuwa desturi ya wafanyakazi wa nchi ile kwa vizazi vingi, kukawa kosa.

Nini kilifuata? Watu walisimama vile vile. Kwa zaidi ya miaka 25 maelfu walisimama mbele ya viti vyao kila wiki, na walinzi wakapita wakiwaambia wakae, na walinzi walipopita wakainuka tena. Wakati huo huo Wajerumani waliacha washabiki wao wasimame: jukwaa la kusini la Dortmund peke yake hubeba karibu watu 25,000 kwa miguu yao, likiwa na vyuma vya kushikia, njia pana na idadi inayojulikana. Mwaka 2016 klabu ya Celtic ya Scotland ikaweka sehemu ya kusimama yenye vyuma vya namna hiyo, na Januari 2022 Uingereza nayo ikaanza kulegeza kamba kwa vilabu vitano. Ilichukua miaka 32 kukiri kwamba watu wa Hillsborough hawakuuawa na kusimama.

Iko pia kanuni njema isiyofuatwa, nayo ni hatari kama ile mbaya inayofuatwa. Kanuni za FIFA za usalama viwanjani zinakataza mabomu ya machozi. Oktoba 1, 2022, mjini Malang, Indonesia, polisi waliyapiga katika uwanja wa Kanjuruhan baada ya mechi kumalizika. Watu walikimbilia milango, baadhi wakaikuta imefungwa, na mingine ilikuwa myembamba mno kwa umati ule. Walikufa watu 135, watoto wakiwa miongoni mwao. Tiketi zilizouzwa siku ile zilizidi uwezo wa uwanja. Miaka 21 kabla yake, Mei 9, 2001, mjini Accra, ilikuwa hivyo hivyo: mabomu ya machozi, milango iliyofungwa, na maiti wasiopungua 126. Hatujapata kusikia uwanja ambao maiti 100 walitolewa kwa sababu ya ngoma au mwavuli.

Msomaji asitufahamu vibaya. Hatusemi kanuni ziondoshwe. Sisi watu wa visiwa hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha maana ya kupakia kupita kiasi. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, na hakuna mtaa wetu usiojua msiba ule. Hesabu ya watu ni hesabu ya roho. Uwanja ukisemwa kwamba unachukua watu 15,000, aliye wa 15,001 arudishwe nyumbani, hata akiwa na barua ya mheshimiwa. Hapo tunataka ukali, na tunautaka bila haya.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Uwanja wetu wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ulifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023. Mei 25, 2025 ulipokea fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho baina ya Simba na RS Berkane, na Agosti mwaka huo mechi za CHAN. Mwezi huo huo jirani zetu wa Kenya walipunguziwa idadi ya watazamaji katika uwanja wa Kasarani baada ya watu kujipenyeza kwa nguvu. Kila mchezo mkubwa unaokuja huja na kitabu chake cha masharti kutoka nje, na watendaji wetu, kwa kuogopa faini, huwa wepesi kuyaongezea mengine ya kwao.

Tunawaomba wahusika wasianze na chupa ya maji. Jua la saa tisa alasiri linajulikana. Mzee aliyetoka Makunduchi kwa daladala akinyang'anywa maji mlangoni, atakayeanguka jukwaani ni yeye, na hapo kanuni ya afya itakuwa imemletea maradhi. Chombo cha gilasi kizuiwe, maji yapite. Ngoma na tarumbeta zipite pia, maana bila hizo sijui tunakwenda kutazama nini.

Kisha, saa mbili kabla ya mchezo, mkuu wa uwanja pamoja na afisa wa polisi walizunguke jengo kwa miguu na kusukuma kila lango kwa mkono wao wenyewe, la Amaan na la Gombani sawasawa. Pembeni mwa kila lango kibandikwe kibao chenye jina la mwenye ufunguo wa siku ile, kwa herufi ambazo mtu wa nyuma kabisa katika foleni anaweza kuzisoma.