Muziki wa gemu anaouimba mwanao: usiuzime, punguza sauti

MZAZI wa Morotonga anayesali Sala ya Bwana kila Jumapili huenda hajui kwamba sala hiyo hiyo, kwa Kiswahili hiki hiki, ndiyo iliyoupatia muziki wa gemu Tuzo ya Grammy kwa mara ya kwanza.

Wimbo unaitwa Baba Yetu. Ulitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya gemu ya kompyuta ya Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005. Aliyemwomba autunge ni Soren Johnson, mbunifu wa gemu hiyo, ambaye walisoma pamoja Chuo Kikuu cha Stanford. Februari 2011 ukashinda Grammy. Leo unaimbwa na kwaya za nchi nyingi, nyingine zikiwa hazina hata mtu mmoja anayejua Kiswahili, na matamshi yao wakati mwingine humfanya Mtanzania atabasamu.

Kwa hiyo mtoto anapoosha vyombo huku akiimba kwa mluzi wimbo wa gemu, si lazima iwe dalili kwamba ameharibika.

Muziki huo hushika kichwani kwa sababu ya namna ulivyotengenezwa. Mashine za miaka ya 1980 zilikuwa na nafasi ndogo ya kuhifadhi vitu na zilitoa sauti chache tu kwa wakati mmoja. Mtunzi alilazimika kutunga kipande kifupi kinachojirudia bila kuchosha. Mjapani Koji Kondo alifanya hivyo mwaka 1985 katika Super Mario Bros., na mwaka 2023 wimbo wake huo uliingizwa kwenye hazina ya sauti za kihistoria ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Wimbo maarufu wa Tetris, nao, ni wa kiasili wa Kirusi, uliokuwepo tangu karne ya 19. Mkurya aliyekua akisikia litungu la nyuzi 8 hahitaji kuelezwa utamu wa sauti fupi inayozunguka na kurudi.

Halafu kuna umri. Nyimbo tunazozisikia tukiwa na miaka kama 10 hadi 20 ndizo tunazozikumbuka zaidi uzeeni. Baba ana rumba yake, na mtoto huyu atakuwa na gemu yake.

Kinachopaswa kumsumbua mzazi ni sikio.

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na zikifa haziotei tena. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asizidishe sauti ya desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu mzima desibeli 80 kwa muda huo huo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hukatwa nusu. Ndiyo maana saa moja ya hedifoni zilizofunguliwa hadi mwisho si sawa na saa moja ya sauti ya chini. Gemu nayo ina hila yake: milio ya risasi na milipuko hupanda ghafla juu ya muziki, na mchezaji aliyezama hasikii kwamba anaumia.

Nyumbani hakuna kipimo cha desibeli, lakini simu ina alama ya sauti. Isivuke asilimia 60. Ukikaa karibu na mtoto aliyevaa hedifoni nawe ukausikia muziki wake, imezidi. Kwenye kibanda cha gemu, akae mbali na spika, na atoke nje mara kwa mara masikio yapumzike. Kama anachopenda ni muziki wenyewe, mwekee nyimbo hizo kwenye spika ya kawaida, hata bila gemu. Wengine huanza kuzitafuta kwenye kinanda cha kwaya.

Mtoto anayelalamika mlio masikioni, anayeuliza “nini?” kila mara au anayeongeza sauti ya televisheni wakati wengine wanasikia vizuri, apelekwe kituo cha afya. Mara nyingine ni nta tu iliyojaa, na hiyo huondolewa na mhudumu, si kwa njiti ya kiberiti.