Mfuko wa dhahabu "mara mbili": tusome jedwali la bei kabla ya kufungua sanduku



Majuma haya kuna picha inayotembea kutoka telefoni hadi telefoni, hapa Bambu na hata Bunia. Ni jedwali la bei. Juu yake kuna herufi nne, NUGT, na kijana anayelionyesha anaeleza kwamba ni mfuko wa Marekani: dhahabu ikipanda moja, wenyewe unapanda mbili. Kwa sisi tunaolala na kuamka juu ya dhahabu, maneno hayo yanaingia sikioni haraka. Wamama wa vikundi viwili vya AVEC wamekwisha kutuuliza kama ingefaa feza ya sanduku iende huko mwaka huu, badala ya kugawanywa.

Feza hiyo tunaijua. Ni minervali ya watoto, ni dawa, ni mtaji wa muhogo na mafuta. Na tangu vita vya Djugu vilipoanza tena mwishoni mwa 2017, kwa wengi wetu ni feza ya kukimbia nayo usiku. Kwa hiyo tumeona afadhali tulisome jedwali hilo pamoja.

Tuanze na tunachokijua. Bei ya dhahabu haipangwi Bambu. Inapangwa London mara mbili kila siku ya kazi, asubuhi na alasiri, na inahesabiwa kwa aunsi, yaani gramu 31 na kidogo. Mnegosia wetu anaiangalia hiyo, anakata sehemu yake, ndipo anatutajia bei. (Wazee wetu walichimbia Kilo-Moto maisha yao yote bila kuijua bei ya London. Leo mtoto wa shimo anaiona kwenye telefoni kabla hajanawa uso, na bado anauza kwa bei ya mnegosia.)

Sasa mfikirie mama anayenunua dhahabu kidogo kidogo kwa wachimbaji. Ana dola 100 zake, anakopa 100 kwa mnegosia, ananunua dhahabu ya 200. Bei ikipanda 10 kwa mia, anauza kwa 220, anarudisha 100, anabaki na 120. Amepata 20 juu ya 100 zake, mara mbili ya yule aliyenunua bila deni. Bei ikishuka 10 kwa mia, anauza kwa 180, anarudisha 100 zilezile, anabaki na 80. Deni halishuki pamoja na bei. Basi, mfuko wa mara mbili unafanya kazi namna hiyohiyo. Unatumia mikopo na mapatano na mabenki, na nguvu yake ya kupanda ni ileile nguvu yake ya kuanguka.

Lakini kuna jambo ambalo mama wetu hafanyi na mfuko unalifanya. Kila jioni mfuko unapanga deni lake upya, ili kesho uanze tena kwa mara mbili ya kile kilichobaki. Ahadi ya mara mbili ni ya siku moja tu. Hata jina lake kamili kwa Kiingereza lina neno la "kila siku" ndani yake, ila kwenye picha jina hilo limekatwa.

Tuchukue hesabu. Kitu kina bei ya 100. Leo kinashuka mpaka 90, kesho kinarudi 100. Hakuna aliyepoteza. Mfuko wa mara mbili, siku ya kwanza unashuka 20 kwa mia, unakuwa 80. Siku ya pili kitu kile kimepanda kutoka 90 mpaka 100, ni kama 11 kwa mia, kwa hiyo mfuko unapanda 22 kwa mia. Lakini ni 22 kwa mia ya 80, siyo ya 100. Unafika 97.8. Bei imerudi nyumbani, mfuko haukufika. Shuka na panda hivyo mara kumi, bei iko palepale 100, mfuko uko karibu na 80. Ni kweli kwamba dhahabu yenyewe haichezi hivyo kila siku. Ikicheza kidogo, mfuko nao unalika kidogo kidogo, kama sabuni.

Kwa haki, tuseme na upande mwingine. Bei ikipanda moja kwa moja bila kurudi nyuma, mfuko unatoa hata zaidi ya mara mbili: 10 kwa mia siku mbili mfululizo, bei inakuwa 121 na mfuko 144. Ndiyo sababu picha inayotembea ni nzuri namna ile. Mwaka 2025 aunsi ilivuka dola 3,000 katika mwezi wa tatu, ikavuka 4,000 katika mwezi wa kumi. Aliyenunua mfuko huu mwanzoni mwa mwaka ule na kuuza mwishoni alipata sana, wala hatumwonei wivu. Ila angalieni tarehe ya mstari wa kwanza wa picha. Inaanzia palepale bei inapoanza kupanda. Jedwali zima ni refu kuliko hilo: mfuko ulianza mwezi wa kumi na mbili, 2010.

Na ukilipata jedwali zima, litakushangaza. Kila mstari ni siku moja: bei ya kufungua soko, ya juu kabisa, ya chini kabisa, ya kufunga, halafu idadi ya vipande vilivyouzwa. Unaposhuka mpaka miaka ya 2011 na 2012 unakuta bei kubwa mno, kuliko ya leo mara nyingi sana. Mtu anaweza kusema: kama kilikuwa na bei ile zamani, kitairudia. Hapo ndipo pa kusimama. Bei ile hakuna mtu aliyeilipa sokoni siku ile. Kipande kinaposhuka thamani sana, wenye mfuko wanaunganisha vipande kadhaa kuwa kimoja ili bei isionekane ndogo, kisha bei zote za nyuma zinaandikwa upya kulingana na hesabu mpya. Ni kama muuza mafuta aliyekuwa akiuza kwa chupa, sasa anauza kwa bidoni, halafu anabadilisha daftari lake la zamani lote lisomeke kwa bidoni. Mfuko huu umefanya hivyo zaidi ya mara moja. Bei kubwa za zamani ni alama ya kuanguka, si ahadi ya kurudi huko.

Kuna na mstari mwingine usioonekana. Mpaka mwezi wa tatu wa 2020 mfuko huu ulikuwa wa mara tatu. Bei zilipoyumba sana mwanzoni mwa korona, wenyewe waliushusha kuwa wa mara mbili kuanzia tarehe 31 mwezi ule. Herufi zilibaki zilezile, NUGT. Kwa hiyo anayepima mwendo wa miaka yote kwa kipimo kimoja anachanganya vitu viwili.

Na je, ni mfuko wa dhahabu kweli? Hapana. Unafuata bei ya hisa za makampuni yanayochimba dhahabu. Miongoni mwake yamo Barrick na AngloGold Ashanti, ambayo kila moja ina 45 kwa mia ya mgodi wa Kibali kule Haut-Uele, na SOKIMO yetu ina 10. Ndiyo kusema udongo wa Kilo-Moto umezunguka ulimwengu ukaturudia ndani ya telefoni. Lakini hisa ya kampuni si gramu ya dhahabu. Mazoti yakipanda bei, barabara ikikatika, wafanyakazi wakigoma, hisa inaweza kushuka hata dhahabu ikisimama.

Tumeangalia kipindi kimoja ambacho wamama wengi wa biashara wanakikumbuka. Mwezi wa tisa 2011 aunsi ilifika karibu na dola 1,900. Mwaka 2013, kati ya siku ya tano tarehe 12 mwezi wa nne na siku ya kwanza tarehe 15, bei ilianguka zaidi ya 12 kwa mia. Mnunuzi aliyekuwa na dhahabu ya deni mkononi aliona robo ya mtaji wake ikienda kabla ya chakula cha jioni. Mwisho wa 2015 aunsi ilikuwa dola 1,050 na kidogo. Kisha ikapanda taratibu, na mwezi wa nane 2020 ikavuka 2,000 kwa mara ya kwanza. Mama aliyefunga gramu yake kitambaani mwaka 2011 na kuvumilia miaka tisa alirudishiwa mtaji. Aliyeweka dola 100 katika mfuko huu siku zile za 2011 na kuvumilia vilevile, mwaka 2020 hakuwa na hata dola moja. Ulikuwa umepoteza zaidi ya 99 kwa mia.

Vitu vya namna hii vimetengenezwa kwa watu wanaokaa mbele ya mashine, wanaonunua asubuhi na kuuza jioni. Wenye mfuko wenyewe wanaandika hivyo katika karatasi zao. Sanduku letu linafunguliwa mara moja kwa mwaka, au siku tunaposikia risasi.

Bado kuna swali ambalo jedwali haliwezi kujibu: feza inapitia wapi? Kipande cha mfuko huu kinanunuliwa kwa wakala wa soko la hisa mwenye kibali, kwa jina la mwenye mali. Anayetuambia tutume kwa telefoni kwenye namba yake ili atununulie, atuonyeshe kwanza hesabu iliyofunguliwa kwa jina la kikundi, na namna kikundi kitakavyotoa feza bila yeye kuwapo. Atuonyeshe na jedwali lote tangu 2010, siyo picha.

Vikundi vile viwili vitapiga kura siku ya kugawana. Mweka hazina wa kimoja ameomba hesabu ya 100, 90, 100 iandikwe kwa chokaa ukutani, na kila mama aifanye mwenyewe kwa maharagwe mia moja kabla ya kunyoosha mkono.