Mizinga ya Manowari ya Bomba Tatu

Sogeeni karibu, wajukuu. Leo nawapeleka baharini, mahali ambapo wengi wenu wa Ngara na Biharamulo hamjafika. Maji makubwa mnayoyajua ninyi ni ya Ruvubu na Kagera yanapokutana na kuporomoka pale Rusumo, na yale ya Ziwa Victoria upande wa mawio. Lakini habari hii ya baharini inatuhusu, maana meli ninayotaka kuwasimulia ilizama mtoni Rufiji, na bado mzinga wake mmoja ulikuja kukaa jirani yetu, Mwanza.

Juni 1914 iliingia Dar es Salaam manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg. Ilikuwa na mizinga mikubwa kumi, mabaharia zaidi ya mia tatu, na mabomba matatu ya kutolea moshi. Wenyeji hawakujisumbua na jina gumu la Kijerumani. Waliiita Manowari ya Bomba Tatu, na jina likakaa. Miezi miwili baadaye vita vikalipuka Ulaya. Nchi yetu ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Zanzibar, Kenya na Uganda zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Kwa hiyo ugomvi wa wazungu ukatua kwetu, na hakuna aliyewauliza babu zetu kama wanautaka.

Waingereza nao walikuwa na meli iitwayo Pegasus. Hiyo ilikuwa kuukuu, imeshushwa majini tangu 1897. Septemba 1914 mitambo yake ilileta matatizo, ikatia nanga mbele ya mji wa Zanzibar ili mafundi waishughulikie. Meli ya vita iliyofunguliwa mitambo haiwezi kukimbia wala kufukuza. Inakaa tu.

Habari zikamfikia Max Looff, nahodha wa Königsberg, kwamba Zanzibar kuna manowari ya Waingereza. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, akatokea. Mizinga yake ilipiga mbali kuliko ya Pegasus, naye alilijua hilo. Akajiweka pale ambapo makombora yake yanafika, na ya mwenzake yanaangukia njiani. Mimi hapo ndipo roho huniuma: vijana wa Pegasus hawakukaa kimya, walijibu, wakapakia na kufyatua, huku wakiona kwa macho yao makombora yao yakitumbukia kwenye maji matupu. Mizinga yao mmoja baada ya mwingine ikanyamazishwa. Haikufika saa nzima, kazi ilikuwa imekwisha. Königsberg ikageuza ikaondoka, na mchana huohuo Pegasus ikazama. Mabaharia 38 walipoteza maisha, wengine palepale, wengine baadaye kwa majeraha.

Mbele ya Mji Mkongwe kuna kisiwa kidogo kiitwacho Chapwani. Huko wamezikwa 24 kati yao, na majina yao yanajulikana. Walitoka nchi ya baridi, wakalala chini ya miti ya Unguja.

Sasa mtaniuliza: babu, mbona unawaita vijana? Msidhani baharia ni lazima awe mzee mwenye ndevu. Jeshi la majini la Uingereza wakati ule liliandikisha wavulana wa miaka kumi na mitano, kumi na sita, wakapewa cheo ambacho kwa lugha yao kilikuwa ni neno lilelile la kumwitia mtoto wa kiume. Anayejulikana kuliko wote ni Jack Cornwell, mwana wa familia maskini ya viungani mwa London, aliyezaliwa Januari 1900. Tarehe 31 Mei 1916, katika vita vya baharini vya Jutland, alikuwa kwenye mzinga mmoja wa meli ya Chester, kazi yake kurekebisha shabaha. Wenzake wakauawa au kujeruhiwa karibu wote. Yeye mwenyewe vipande vya chuma vilikuwa vimemwingia kifuani, akabaki amesimama mahali pake akingoja amri. Alikufa tarehe 2 Juni. Alikuwa na miaka kumi na sita; hapa kwetu angekuwa kidato cha pili au cha tatu.

Na sikilizeni jinsi alivyokumbukwa. Kwanza alizikwa kwenye kaburi la pamoja, kama maskini wengine. Magazeti yalipolisikia jambo hilo yakapiga kelele, akafukuliwa, akazikwa upya Julai 29 kwa heshima zote. Septemba akatunukiwa nishani kubwa kuliko zote za Uingereza kwa ushujaa vitani. Mama yake aliipokea kwa mfalme, kisha naye akafa miaka mitatu baadaye, bado maskini. Nishani haikuweka mkate mezani.

Turudi kwa Bomba Tatu. Baada ya Zanzibar ilijificha kwenye vijito na mikoko ya delta ya Rufiji, isitoke tena. Waingereza wakaitafuta, wakaleta meli mbili zinazoweza kupita kwenye maji ya kina kifupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 mchezo ukaisha. Wajerumani wakailipua wenyewe meli yao. Nao waliacha vijana wao pale, wamezikwa kwenye matope ya Rufiji.

Lakini mizinga haikuachwa. Yote kumi ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikafungiwa magurudumu na kusambazwa nchi nzima. Mmoja uliwekwa kwenye meli ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Jina hilo ni la mzungu aliyevuka Kagera pale Rusumo Mei 1894 akiingia Rwanda, kabla hajawa gavana. Meli yenyewe ndiyo hiyo tunayoiita Liemba.

Mwingine ulipelekwa Mwanza kulinda ziwa. Hapa nataka mfikirie kidogo. Reli ya kati ilikuwa tayari, imefika Kigoma 1914, lakini reli ya Tabora hadi Mwanza ilikuwa bado, ilifika 1928. Mtutu peke yake ulikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu, bila magurudumu na bila makombora. Ng'ombe wa kuvuta hawakufaa sana, mbung'o wa mapori yetu mnawajua. Basi walivuta watu. Mamia ya watu kwa kamba, kwenye tope na mchanga, mzinga uliotengenezwa kwa ajili ya bahari.

Mwezi uleule Jack alipokufa, Juni 1916, jeshi la Wabelgiji, askari wake wengi Wakongo, lilikuwa limekwisha kuipita Rwanda, likaingia Biharamulo. Lile boma mnaloliona pale mjini, la Wajerumani, likapata bwana mpya. Jeshi lile nalo lilihitaji wa kubebea mizigo. Julai 14 Waingereza wakaiteka Mwanza wakitokea ziwani, wakauchukua na ule mzinga. Leo uko Jinja, Uganda. Mwingine wa Königsberg uko Ngome ya Yesu, Mombasa, watalii wanaupiga picha.

Hesabu yangu mimi ni hii. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi na majina. Jack ana nishani. Mizinga iliyobaki imetunzwa, imepakwa rangi. Ila wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vile, wengi kwa njaa, kuhara na homa na si kwa risasi, wengi wao hawana hata jiwe la kaburi. Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, tangu 1927, nayo ni ya askari mwenye bunduki. Nasema hivyo bila kuwachukia vijana wa Chapwani. Walikuwa watoto wa watu, na mama zao walilia. Ila sioni kwa nini aliyekufa akivuta mzinga asahauliwe, na aliyekufa kwa mzinga huohuo akumbukwe.

Basi mkirudi nyumbani waulizeni wazee kama kuna mtu wa ukoo aliyechukuliwa upagazi wakati wa Wajerumani au wa Wabelgiji. Andikeni jina lake, jina la baba yake na kijiji alikotoka. Andikeni kwa kalamu ya wino, si kwa penseli.